Neno "selfhood" la Kiingereza: limetoka wapi, lina maana gani, na namna "ubinafsi" ulivyonitia aibu

Mleta mada

Wanajukwaa, wakubwa shikamooni, na wa rika langu habari za leo. Ninaomba tujadili neno moja tu la Kiingereza, nalo ni "selfhood", ambalo leo maana yake ni hali ya mtu kuwa yeye mwenyewe. Najua wapo watakaosema kwamba kuna mambo makubwa zaidi ya kujadili, lakini neno hili limenigharimu, na nina hakika si mimi peke yangu.

Kazi yangu ni kufasiri maandishi ya mafunzo. Mwaka jana nilipewa kijitabu cha wanasihi wa vijijini, na ndani yake mlikuwa na sentensi iliyosema kwamba ndoa ya utotoni humwibia msichana "selfhood" yake. Nilikuwa nakimbizana na tarehe ya kukabidhi. Kamusi iliyokuwa mezani ilinipa "nafsi" na "ubinafsi", nami nikaona kwamba nikisema binti amenyang'anywa nafsi itasikika kama kwamba amekata roho, basi nikaandika: "Ndoa za utotoni humnyang'anya msichana ubinafsi wake." Mhariri akapitisha, kijitabu kikachapwa. Siku ya mafunzo nilialikwa, nikakaa nyuma ya darasa na daftari langu. Mkufunzi alipoisoma sentensi hiyo kwa sauti, mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu na dirisha, kitenge kimetandikwa magotini, aliinua mkono na kuuliza kwa utulivu kabisa: "Sasa mwalimu, kama ndoa inamwondolea binti ubinafsi, si jambo jema hilo?" Darasa zima likaangua kicheko. Mkufunzi alinitazama mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia neno lenyewe, kwa sababu niliona kwamba siwezi kulitafutia mwenzake katika Kiswahili kabla ya kujua Waingereza wenyewe walilipata wapi. Nitaeleza nilichokipata, kisha mnisahihishe.

Neno lina vipande viwili. Cha kwanza ni "self". Katika Kiingereza cha kale, kile kilichoandikwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, "self", lililoandikwa pia "seolf" na "sylf", halikuwa jina la kitu chochote kinachokaa ndani ya mtu. Lilikuwa neno la kusisitiza na kuonyesha: lilifuatana na nomino au kiwakilishi, likabadilika umbo kwa kukifuata, na maana yake ilikuwa "mwenyewe" au "yuleyule". Ndugu zake wangali hai katika lugha za jirani, kama "selbst" la Kijerumani na "zelf" la Kiholanzi, na katika Kigothi, lugha iliyokwisha kufa, lilikuwa "silba". Kwa hiyo kazi yake ilikuwa ileile ya "-enyewe" yetu. Sisi husema mtu mwenyewe, kitabu chenyewe, nyumba yenyewe, na hakuna anayeuliza uenyewe wa kitabu unakaa ukurasa wa ngapi.

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba Kiingereza hicho cha kale hakikulihitaji neno hilo ili kusema kwamba mtu amejitendea jambo. Walipotaka kusema kwamba Adamu alijificha, walisema tu kwamba Adamu "alimficha", na msikilizaji akaelewa kwamba aliyefichwa ni Adamu huyohuyo. Masalia ya mtindo huo yamo katika Biblia yao ya mwaka 1611, katika Zaburi ya 4, ambapo anayelala kwa amani anasema "lay me down", yaani "nitanilaza", bila "self" yoyote.

Sasa ikatokea ajali ya kisarufi. Watu walikuwa wakisema "me self", mfano wa kusema "mimi mwenyewe". Polepole, katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani, "me self" ikageuka kuwa "my self", yaani neno la "mimi" likawa neno la "-angu". Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba chanzo kimojawapo kilikuwa "her self", kwa sababu katika Kiingereza neno "her" linaweza kuwa "yeye" wa kike au "-ake" wa kike, na masikio yakashindwa kutofautisha. Masikio yaliposikia "-ake", yakatafuta kitu chake, na kitu pekee kilichokuwepo hapo kilikuwa "self". Ni kama kwamba sisi tungeacha kusema "mimi mwenyewe", tukaanza kusema "wenyewe wangu", halafu wajukuu wetu wakaanza kuuliza huo wenyewe ni kiungo gani cha mwili. Tamthilia za Shakespeare zilipokusanywa na kuchapwa mwaka 1623, "my selfe" bado iliandikwa kama maneno mawili, mithili ya "nyumba yangu". Na mabadiliko hayo hayakukamilika: mpaka leo Kiingereza sanifu husema "myself" kwa mtindo wa "-angu" lakini "himself" kwa mtindo wa "yeye", na watu wa vijijini wanaosema "hisself" huchekwa, ingawa wao ndio wanaofuata kanuni mpaka mwisho.

Kipande cha pili ni "-hood". Leo ni kiambishi tamati tu, lakini zamani lilikuwa neno kamili, "hād", lenye maana ya daraja, hali, au cheo cha mtu. Hapa nilisimama kidogo, kwa sababu mtawa aliyeitwa Ælfric, aliyeandika sarufi ya Kilatini kwa Kiingereza karibu na mwaka 1000, alilitumia neno hilohilo kutaja kile ambacho walimu wetu wa sarufi hukiita nafsi: nafsi ya kwanza, nafsi ya pili, nafsi ya tatu. Yaani Mwingereza wa kale alipotaka neno la nafsi ya kisarufi, alichukua "hād".

Swali langu kwenu ni hili. Ikiwa "self" ni "mwenyewe" aliyegeuzwa kitu kwa ajali, na "-hood" ni hali au nafsi, je, Kiswahili kinalo neno la kubeba vyote viwili, au tunalazimishana kutafuta kitu ambacho sarufi yetu haijawahi kukiumba?

Mchangiaji kutoka Unguja

Waalaykumu salaam kwa waliosalimu na wasiosalimu. Ndugu mleta mada, umeianza safari kwa upande wa Waingereza, nami naomba niianze kwa upande wa Waarabu, kwa kuwa "nafsi" na "ubinafsi" vyote viwili vimepitia huko kabla ya kufika kwetu.

Asili ya "nafsi" ni "nafs" ya Kiarabu, na neno hilo ni ndugu wa tumbo moja na "nafas", yaani pumzi. Kiswahili kilichukua yote mawili. "Nafs" ikawa nafsi, na "nafas" ikawa nafasi, ile unayoipata ukisogea kidogo kwenye daladala ukaweza kuhema. Sasa tazama jambo la ajabu: Waarabu nao hulitumia "nafs" kwa kusisitiza, kama "self" ya kale uliyoieleza. Wakitaka kusema "yeye mwenyewe" husema "nafsuhu", na wakitaka kusema "kwa mkono wake mwenyewe" husema "binafsihi". Hiyo "bi" ni "kwa", na hapo ndipo tulipopata "binafsi". Kwa hiyo "binafsi" haina ubaya wowote ndani yake. Mtu akisema "mimi binafsi sikubali", anasema kwamba hajatumwa na mtu. Shule binafsi ni shule isiyo ya serikali. Ubaya uliingia ilipopachikwa "u-" ya mbele, na kwa maoni yangu siasa ya ujamaa, iliyohubiri miaka mingi dhidi ya mtu anayejilimbikizia, ndiyo iliyoupigilia ubaya huo msumari. Halafu miaka ya 1990 mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, likaja neno "ubinafsishaji", na wengi walilisikia kama "kufanya mashirika yawe na choyo". Neno lilikuwa sahihi, lakini masikio yalikuwa yameshafundishwa.

Kuhusu "nafsi" nakuomba usiiache haraka kiasi hicho. Kila aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu wa dini anazijua hali zake tatu: nafsi ammara, inayoamrisha maovu; nafsi lawwama, inayojilaumu; na nafsi mutmainna, iliyotulia. Zote tatu ni za mtu yuleyule mmoja. Nafsi ya namna hiyo inashindwa, inajirudi, na mwishowe inatulia, kwa hiyo si lazima ukisema binti amenyang'anywa nafsi watu wadhani amefariki.

Na kabla sijaondoka, nikuachie "dhati". Sisi tunaisikia katika "kwa dhati ya moyo", lakini Kiarabu cha leo, katika falsafa na katika elimu ya nafsi, hutumia "dhāt" kwa kile ambacho Waingereza hukiita "self". Neno hilo kwa asili ni umbo la kike la "dhū", na "dhū" maana yake ni "mwenye". Mwenye mali, mwenye elimu, mwenye nguvu. Nadhani unaona ninapoelekea.

Mleta mada

Maalim, ninaona unapoelekea, na nimeinuka kwenye kiti. Kiarabu kimepata neno la nafsi kutoka kwenye "mwenye", na Kiswahili, bila ya kukiiga, kimepata "mwenyewe" kutoka kwenye "mwenye" vilevile. Nitalirudia jambo hili chini, kwa sababu nina kisa cha Mwingereza mmoja anayeungana nanyi bila kujua.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Ndugu zangu, mbona mwajisumbua hivi? Neno lipo, nalo ni "umimi". Limeundwa kwa viungo vya Kibantu vitupu, halina deni kwa Mwarabu wala kwa Mzungu. Mjerumani alifanya hivyohivyo. Freud, daktari wa Vienna, alipotoa kitabu chake mwaka 1923, hakuiita sehemu ile ya akili kwa jina la kutisha, aliiita tu "das Ich", yaani "yule Mimi", neno ambalo mtoto wa miaka miwili wa Kijerumani analijua. Tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1927 ikakimbilia Kilatini na kuandika "ego", na tangu hapo Mimi wa watu wote akawa kitu cha hospitali. Tusirudie kosa hilo la kudharau maneno ya nyumbani.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Mombasa, hoja yako kuhusu Freud naikubali mia kwa mia, lakini ijaribu sentensi yenyewe. "Ndoa za utotoni humnyang'anya msichana umimi wake." Yule mama wa dirishani angeinua mikono miwili. Umimi kwa masikio ya wengi ni ile tabia ya kuanza kila sentensi na "mimi", na hata Waarabu waliojaribu njia hiyo, wakatoa "anāniyya" kutoka kwenye "anā" yao, waliishia kupata neno la ubinafsi.

Mchangiaji, mwalimu wa Kiswahili, Dodoma

Dada mleta mada, ninafundisha sarufi sekondari na ninaomba tuongeze jambo ambalo bado halijaguswa, nalo ni kile kiambishi kidogo "-ji-". Nyinyi mnatafuta nomino, lakini Kiswahili kimeiweka nafsi yake ndani ya kitenzi, na kinaitumia asubuhi mpaka jioni.

Wiki iliyopita niliwaambia wanafunzi wa kidato cha tatu wataje vitenzi vyenye "-ji-" ambavyo mtu anaweza kutukanwa navyo, na ubao ulijaa kabla ya kengele. Anajiona. Anajisikia. Anajidai. Anajifanya. Anajikweza. Hajitambui. Viangalieni vizuri. "Anajiona" kwa maneno yake ni kwamba mtu anaona umbo lake, jambo ambalo kila mwenye kioo hulifanya, lakini kwetu ni kwamba ana majivuno. "Anajisikia" laweza kuwa jambo la mgonjwa anayeulizwa anajisikiaje, lakini likisimama peke yake ni tusi. Kisha niliwaambia wataje vile ambavyo mtu husifiwa navyo, wakataja kujitegemea, kujitolea, kujituma, kujitawala, kujizuia, kujirudi. Msichana mmoja aliyekaa mbele ndiye aliyeiona tofauti kabla yangu. Alisema: "Mwalimu, ukijiangalia unakosea, ukijifanyia kazi unasifiwa." Sikuwa na la kuongeza, isipokuwa kwamba "hajitambui" inamkaidi, kwa sababu hapo kosa ni kutojiangalia.

Ndiyo sababu Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisomeka vizuri. Neno la Kiingereza "self-reliance" lina "self" mbele kama kichwa cha treni, lakini Kiswahili hakikusema "utegemeo wa nafsi". Kilisema "kujitegemea", na kila mkulima akaelewa. Vivyo hivyo "self-government" ikawa "kujitawala". Ninachoshauri ni kwamba pale ambapo Kiingereza kinatupa nomino yenye "self", tuanze kwa kuuliza: mtu huyu anajifanyaje, au anazuiwa kujifanya nini?

Mleta mada

Mwalimu, ninakushukuru, na mpe salamu msichana wa mbele. Niliahidi kurudi, na ninarudi na jambo ambalo lilinifanya nisiione aibu sana ile sentensi yangu, kwa muda mfupi walau.

Niliposema kwamba "selfhood" imeungwa kwa "self" na "-hood", sikusema iliungwa lini. Inaonekana katika maandishi ya Kiingereza miaka ya 1640, na walioileta walikuwa wafasiri kama mimi. Walikuwa wakifasiri maandishi ya Jakob Böhme, fundi viatu wa Görlitz huko Ujerumani, aliyefariki mwaka 1624 akiwa ameacha vitabu vizito vya kiroho. Wanazuoni wa kiroho wa Kijerumani, tangu kabla ya Böhme, walikuwa na maneno "Selbheit" na "Ichheit", yaani kama tungesema "uenyewe" na "umimi", na kwao hayo yalikuwa majina ya kile kinachomtenga mwanadamu na Mungu, kitu cha kufishwa. Wafasiri wa Kiingereza hawakuwa na neno, wakaunda "selfhood". Kwa maneno mengine, siku "selfhood" ilipozaliwa, maana yake ilikuwa ubinafsi! Ningekuwa nafasiri kitabu cha mwaka 1649 badala ya kijitabu cha wanasihi, mama wa dirishani angenipa mkono.

Na haikuwa "selfhood" peke yake. Katika miaka hiyohiyo ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya mfalme na bunge, Waingereza walishikwa na homa ya kuunda maneno ya "self". "Selfish", yaani mchoyo wa nafsi, ni neno la miaka hiyo, na askofu mmoja, John Hacket, aliandika kwamba walioliunda ni Wapresbiteri, yaani Waprotestanti wasiotaka kanisa liongozwe na maaskofu, akionyesha wazi kwamba halimpendezi. Mwaka 1645 bunge lao lilipitisha amri ya kuwataka wabunge waache vyeo vya kijeshi, na amri hiyo ikaitwa "Self-denying", yaani ya kujikana, kwa mfano wa maneno ya Mathayo 16 kwamba anayetaka kumfuata Yesu "ajikane mwenyewe". Hata zaidi ya miaka 150 baadaye, mshairi William Blake, katika shairi lake refu juu ya Milton, mshairi aliyemtangulia, lenye mwaka 1804 kwenye ukurasa wa mbele, anamfanya Milton akiri kwamba ndani ya "Selfhood" yake yeye ndiye Shetani. Huwezi kupata neno lililolaaniwa zaidi ya hapo, na leo limo katika vijitabu vya kuwafariji wasichana.

Nani basi aliyelisafisha? Hakuwa mtu mmoja, lakini kama ningelazimika kumtaja mmoja ningemtaja John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza. Aliandika kitabu kikubwa juu ya akili ya binadamu, kikatoka mwishoni mwa mwaka 1689, na rafiki yake wa Dublin, William Molyneux, akamshauri aongeze mambo katika toleo la pili. Toleo hilo lilitoka mwaka 1694 likiwa na sura mpya kuhusu utambulisho, na ndani yake Locke anauliza: ni nini kinachomfanya mtu wa leo awe yuleyule wa jana? Anatoa mfano wa roho ya mwana wa mfalme inayoingia katika mwili wa fundi viatu, ikiwa na kumbukumbu zote za ikulu. Majirani watamwona fundi viatu, lakini ni nani atakayejibu kwa makosa ya mwana wa mfalme? (Sijui fundi viatu hawa wamewakosea nini wanafalsafa.) Jibu lake ni kwamba "self" si mwili na wala si roho kama kitu, bali ni ule ufahamu unaoyafikia matendo ya zamani na kuyakubali kuwa ni yake.

Hapa naomba tusome polepole, kwa sababu kitenzi anachokitumia Locke kwa kuyakubali matendo ni "own". Kitenzi hicho katika Kiingereza chao kilikuwa na maana mbili kwa pamoja, kumiliki na kukiri. Mtu wa Locke ni yule anayeweza kusema mbele ya hakimu: hili ni langu, nililitenda mimi. Yeye mwenyewe anasema kwamba neno "person" ni neno la kimahakama. Na katika kitabu kingine cha mwaka uleule wa 1689, kile cha serikali, anasema kwamba kila mtu anayo mali katika nafsi yake mwenyewe, ambayo hakuna mwingine mwenye haki nayo. Maalim wa Unguja, huyu ndiye Mwingereza niliyekuambia. Alipotaka kuieleza "self", aliishia kwenye umiliki, yaani kwenye "mwenye", palepale ambapo "dhāt" ya Waarabu na "mwenyewe" yetu zilikuwa zimeketi zamani zikimsubiri.

Mfaransa aliyefasiri kitabu cha Locke mwaka 1700, Pierre Coste, alipata shida kama zetu. Kifaransa hakikuwa na nomino ya "self", ikabidi achukue "soi", na kwa "consciousness", yaani ufahamu, akaandika "con-science" kwa kuweka kistari katikati, ili wasomaji wasidhani anazungumzia dhamiri, kisha akaweka maelezo chini ya ukurasa kujitetea. Nilifarijika sana kusoma habari zake.

Mchangiaji mwingine

Mkuu, nimefuatilia tangu juu na nina swali fupi. Kwa nini hakuna aliyetaja "utu"?

Mleta mada

Nililifikiria, mkuu. Lakini utu kwa Kiswahili hupimwa kwa namna unavyowatendea wengine. Tukisema "fulani hana utu" tunamshutumu yeye kwa ukatili. Binti aliyeozwa akiwa na miaka 14 hajapoteza utu. Waliopoteza ni wengine, na sentensi haikuwa juu yao. "Utambulisho" nao niliuweka kando, kwani siku hizi mtu akiusikia mkono unakwenda mfukoni kutafuta kitambulisho.

Mchangiaji, mwalimu wa Kiswahili, Dodoma

Sasa dada, kijitabu kinachapwa tena au hakichapwi? Tupe sentensi.

Mleta mada

Kinachapwa tena, na sentensi ninayo, ingawa si yangu yote. Kwa kufuata ushauri wako niliacha nomino, nikaandika: "Msichana anayeozwa utotoni hukosa nafasi ya kuwa mwenyewe." Nafasi niliichagua kwa makusudi, kwa heshima ya pumzi ya Maalim. Nikampigia simu mkufunzi wa siku ile nimsomee kabla sijaituma. Alikaa kimya kidogo, akasema "kuwa mwenyewe" watu watauliza mwenyewe wa nini, mwenye shamba au mwenye nyumba. Nikamwambia ndilo swali lililonisumbua miezi mitatu. Akanyamaza tena, kisha akasema kule kwao binti akishatolewa mahari, kijana mwingine akimtazama huambiwa: achana naye, huyo ana mwenyewe.

Niliandika akiwa bado yupo kwenye simu: "Msichana anayeozwa utotoni hupata mwenyewe kabla yeye hajawa mwenyewe." Mkufunzi aliirudia mara mbili kwa sauti, akaniambia niitume hivyohivyo. Mhariri ameuliza kama neno "mwenyewe" halijajirudia kwa bahati mbaya. Nimemjibu kwamba limejirudia kwa makusudi, na ninasubiri jibu lake.